PHQ-9, HADS au SRQ-20: dodoso lipi linampima sonona kwa haki mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu?

Tuchukue wagonjwa wawili wa mfano, wote wakazi wa ukanda huu wa Ziwa Victoria. Mmoja ni mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwenye kisukari ambacho bado hakijatulia. Mwingine ni mvuvi wa kisiwa cha Kome, anaishi na VVU, dawa anameza bila kukosa na mwili una nguvu zake. Wote wamefika kliniki, wameulizwa maswali tisa ya PHQ-9, na wote wameondoka na alama 11 kati ya 27. Kwa kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani, anayefikisha 10 anatiliwa shaka ya sonona. Kwenye faili, hawa wawili ni sawasawa.

Ukitazama swali moja moja, hawafanani hata kidogo. Mama amepata 3 kwenye usingizi, kwa sababu kila usiku anaamka tena na tena kwenda kukojoa. Uchovu, 3. Kwenye ulaji amepata 2, maana njaa ya sukari iliyopanda haimwachi. Akili kutotulia, 2. Mwili kuwa mzito, 1. Kukosa hamu ya mambo anayoyapenda, sifuri. Huzuni, sifuri. Anataniana na wateja wake na anapanga harusi ya mwanawe. Mvuvi amepata 1 kwenye usingizi na 1 kwenye uchovu, basi. Alama zake nyingine zimetoka kwingine: hafurahii chochote, 3, huzuni na kukata tamaa, 2, kujiona amewaangusha watu wake, 3, na lile swali la tisa, la kuona heri angekufa, 1.

Namba hiyo moja inaweza kuwaumiza wote wawili. Mama anaweza kuandikiwa vidonge vya sonona asiyokuwa nayo, huku sukari inayomkosesha usingizi ikiendelea kupanda. Mvuvi anaweza kuambiwa alama zake ni za wastani tu, arudi tarehe yake ya kawaida ya dawa. Anayepima dagaa anajua kwamba gunia lililoloa linaonyesha kilo nyingi bila mizani kuwa mbovu; sehemu ya uzito ni maji. Magonjwa ya muda mrefu yanalowesha madodoso yetu namna hiyohiyo, na kazi yetu ni kujua ni dodoso lipi linanyonya maji mengi na lipi machache, kisha kuchagua kulingana na mahali jibu litakapotumika.

Ila niseme mapema: haki hapa ina pande mbili. Wengi wakisikia hoja hii wanakimbilia kusema, basi tuyafute maswali ya mwili yote. Taratibu. Watu wenye magonjwa sugu wanapata sonona zaidi ya wengine, na sonona inamfanya mtu aache dawa, akose kliniki, asijali tena anachokula. Mgonjwa wa figo anayesema "nimechoka" anaweza kuwa amechokeshwa na figo, na anaweza kuwa anazama. Kumwambia "ni ugonjwa tu huo, zoea" ni dhuluma kubwa kama ile ya kumpa vidonge asivyohitaji, na kwa ninavyoona mimi hiyo ndiyo tunayoifanya mara nyingi zaidi.

PHQ-9

Ilitolewa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams wa Marekani. Maswali tisa, kila moja lina majibu manne yaleyale, sifuri hadi 3, na yote yanahusu wiki mbili zilizopita. Haina malipo, haihitaji kibali, na kwa Kiswahili ilikwishafanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nchini Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Kwa hoja yetu hilo ni jambo kubwa: ilijaribiwa kwa watu ambao mwili wenyewe ulikuwa unaumwa.

Udhaifu wake tumeuona kwa yule mama. Kati ya maswali tisa, manne yanagusa mwili moja kwa moja, yaani usingizi, uchovu, ulaji, na mwendo kuwa mzito au kutotulia. Ukiongeza juu ya hayo manne lile la umakini, nalo linaguswa kirahisi na sukari iliyoshuka au damu iliyopungua. Kinadharia mtu anaweza kufikisha 15 bila huzuni hata chembe.

Watumiaji wengi hawajui kwamba PHQ-9 ina njia mbili za kusomwa. Ya kwanza ni kujumlisha. Ya pili inafuata kanuni ya utambuzi wenyewe: lazima swali la kwanza au la pili, yaani kukosa hamu au huzuni, liwe na alama 2 au 3, ndipo dalili nyingine zihesabiwe. Kwa njia hiyo ya pili mama wa Mwaloni anatoka kabisa kwenye orodha. Mvuvi anabaki, kwa sababu yale mawili amepata 3 na 2. Karatasi ni ileile, majibu ni yaleyale; kilichobadilika ni msomaji kuacha kuangalia jumla peke yake.

HADS

Hii ilitungwa Uingereza na Zigmond na Snaith mwaka 1983, mahususi kwa wagonjwa wa hospitali. Ina maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona, na kila upande una alama hadi 21. 8 hadi 10 ni za shaka, 11 kwenda juu ni dalili nzito zaidi. Waliacha makusudi usingizi, uchovu na hamu ya kula. Ukiisoma karatasini inaonekana ndiyo jawabu la tatizo letu lote.

Nimeitafakari sana na bado siipi nafasi ya kwanza katika kliniki zetu. Kwanza, upande wa sonona umeelemea sana kwenye furaha: je, bado unafurahia uliyoyafurahia, unacheka, una uchangamfu, unayatazamia mambo yajayo. Ni maswali mazuri. Lakini hakuna linalouliza kujilaumu, na hakuna linalouliza kutaka kufa. Mvuvi wetu angepata alama za kutosha kwa kukosa furaha, lakini jambo lililo hatari zaidi kwake lisingeulizwa. Pili, hata HADS haikufanikiwa kuukimbia mwili: limo swali la kujiona umekuwa mzito na wa polepole, na mwenye ugonjwa wa moyo atalijibu kwa mapafu yake. Tatu, swali moja linauliza kama bado unafurahia kitabu kizuri, au kipindi cha redio au televisheni. Kwa mwalimu mstaafu wa Nyakahoja mjini, sawa. Kwa mtu wa kambi ya uvuvi, jibu litakueleza zaidi kuhusu kambi kuliko kuhusu moyo wake.

Nne, na hili ndilo zito kwa matumizi ya kila siku: kila swali la HADS lina majibu yake manne tofauti, tena mengine yanaanzia kwenye hali mbaya na mengine kwenye hali nzuri. Anayejua kusoma hana shida. Anayesomewa kwa sauti anachanganyikiwa, na wewe unayemsomea unaanza kumfupishia, na hapo kipimo kimekwisha. Zaidi ya hayo ina hakimiliki, na matumizi yake yanahitaji leseni.

SRQ-20

Ni ya Shirika la Afya Duniani, ilitayarishwa kwa ajili ya vituo vya afya vya ngazi ya chini katika nchi kama yetu. Maswali 20, ndiyo au hapana, kuhusu siku 30 zilizopita. Kwa kumsomea mtu kwa sauti, hakuna rahisi kama hii. Haitenganishi sonona na wasiwasi. Inakueleza tu kwamba mtu huyu akilini ana mzigo.

Kwa wagonjwa wetu wa muda mrefu, hata hivyo, ndiyo inayolowa kuliko zote. Inauliza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, usingizi mbaya, mikono kutetemeka, chakula kutosagika vizuri, hali isiyo nzuri tumboni, kuchoka kila wakati na kuchoka upesi. Ni maswali manane kati ya 20. Sasa fikiria mwambao huu ambako kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa nyumbani, mtu amepungukiwa damu, tumbo linamsumbua miaka. Huyo anafika saba au nane akiwa na amani kamili moyoni, na mahali pengi mpaka umewekwa hapohapo, kwenye saba au nane. Mwenye kisukari akishukiwa na sukari mara kwa mara, mikono itatetemeka. Kwa kuzunguka kijiji kizima kutafuta nani anahitaji kusikilizwa, SRQ-20 inafaa. Kwa kliniki ya magonjwa sugu nisingeichagua.

Nyingine mbili, kwa ufupi

HSCL ni orodha ya dalili yenye maswali 25, na sehemu yake ya sonona ina 15. Ilijaribiwa Dar es Salaam kwa wajawazito wenye VVU, matokeo yakatoka mwaka 2002. Ninaipenda kwa sababu sehemu hiyo ya sonona imejaa mambo ya moyoni: upweke, kujilaumu, kukata tamaa, kuhisi umenaswa, kujiona huna thamani. Maswali ya mwili yamo, ila ni machache kulingana na wingi wa mengine, kwa hiyo hayaburuzi jumla. Tatizo ni urefu wake kwa foleni ya asubuhi.

WHO-5 ina maswali matano ya hali njema tu, haitaji huzuni wala kifo, na watu hawaionei aibu. Lakini mawili kati ya matano ni kujisikia mwenye nguvu na kuamka umepumzika. Mgonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, anaanza akiwa ameshapoteza alama hizo mbili.

Dalili za mwili zihesabiwe vipi?

Wataalamu wamebishana juu ya hili tangu miaka ya 1980, na njia zao ni nne. Kuhesabu kila dalili bila kuuliza imetoka wapi. Kuziondoa dalili za mwili zote. Kuhesabu tu zile ambazo daktari ameridhika hazikuletwa na ugonjwa. Na ya nne, aliyoipendekeza Jean Endicott mwaka 1984 kwa wagonjwa wa saratani: kuondoa dalili za mwili na kuweka nyingine mahali pake, kama kujitenga na watu, uso ulionyong'onyea, kujihurumia na kuona kila kitu kitaharibika, na kutochangamshwa na chochote.

Njia ya tatu inasikika kuwa ya haki kuliko zote, nami ndiyo ninayoiogopa. Inamtaka mhudumu aamue, kwa kila dalili, kwamba hii ni ya figo na hii ni ya moyo. Nani awezaye? Wahudumu wawili wakimwona mgonjwa mmoja watatoa majibu mawili, na mwenye haraka daima ataisukumia figo. Uchovu wa mtu anayesafishwa damu kwa mashine hauna lebo.

Kwa anayemhudumia mtu mmoja aliye mbele yake, ninashauri njia ya kwanza, kuhesabu zote, lakini isiwe mwisho wa kazi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ, ukikusanya takwimu za tafiti nyingi za PHQ-9, ulionyesha kwamba kwa mpaka wa alama 10 dodoso linawakamata takriban 88 kati ya kila 100 wenye sonona ya kweli, na linawaacha salama takriban 85 kati ya kila 100 wasio nayo. Zitie namba hizo kwenye kliniki. Tuseme wamekuja wagonjwa 100, na kumi kati yao wana sonona. Dodoso litawakamata tisa. Kati ya 90 wasio nayo, litawashika 13 au 14. Kwa hiyo walioshikwa ni kama 22, na zaidi ya nusu yao hawana sonona. Ndiyo maana alama 10 hazimpi mtu jina la ugonjwa. Zinampa haki ya kukaa na mtu dakika 20 akasikilizwa. Anayetangaza kwamba robo ya wagonjwa wa kliniki yake wana sonona kwa sababu walipata 10 anakosea, tena anakosea kwa kiasi kikubwa.

Mtafiti yuko mahali pengine. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha wagonjwa wa kisukari na majirani zao wasioumwa hana ruhusa ya kutumia jumla ya PHQ-9 kama ilivyo, kwa sababu sehemu ya tofauti atakayoipata ni kukojoa usiku. Huyu ndiye wa kutumia sehemu ya sonona ya HSCL, au kuandika jumla mbili, moja ya maswali yote na moja bila yale ya mwili. Kuna pia hesabu za kutazama kama watu wenye kiwango kilekile cha huzuni wanalijibu swali fulani tofauti kwa sababu tu ya ugonjwa wao. Anayeweza kuzifanya, azifanye kabla ya kuandika hitimisho lolote.

Mimi ningechagua hivi

Kwenye CTC (kliniki ya wenye VVU), kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu, kuanzia zahanati hadi hospitali kubwa za Sekou Toure na Bugando: PHQ-9, isomwe kwa njia zote mbili. Jumla kwanza. Kisha jicho liende kwenye swali la kwanza, la pili, la sita (lile la kujiona umewaangusha watu wako) na la tisa. Jumla kubwa iliyotoka kwenye usingizi na uchovu peke yake inaita vipimo vya damu, sukari na tezi ya shingo, na kuangalia dawa anazomeza. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, hugeuza hisia za mtu; dolutegravir, dawa ya VVU, huwanyima wengine usingizi. Jumla ndogo yenye maswali hayo manne yaliyopanda inaita mazungumzo leo. Na swali la tisa likipata chochote zaidi ya sifuri, mgonjwa asitoke mlangoni kabla ya kuzungumza na mtu anayejua kuuliza, hata kama jumla ni 4.

Foleni ikiwa ndefu mno, anza na maswali mawili ya kwanza peke yake, yanayoitwa PHQ-2. Anayefikisha 3 kati ya 6 aendelee na mengine. Na uzuri wake ni kwamba hayo mawili hayagusi usingizi wala nguvu za mwili. Lakini hayaulizi kifo, kwa hiyo pale ninapoweza ninaongeza la tisa.

HADS ningeiacha kwa wodi yenye wagonjwa wanaojisomea wenyewe na yenye leseni, hasa ukitaka kujua wasiwasi pia, mathalani kabla ya upasuaji.

Mambo ya ziwani ambayo hakuna dodoso linayajua

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wengi hupumzika. Wiki mbili za PHQ-9 zinaweza kuangukia kwenye giza tupu. Ukimuuliza mtu huyo "unapata shida kulala?" atakwambia ndiyo, naye hajadanganya. Muulize kuhusu usingizi wa muda wake wa kupumzika: akilala mchana, usingizi unakuja?

Kwenye swali la hamu ya kula, ulizia kwanza kama chakula kipo. Anayelala njaa kwa kukosa unga hana alama za kupewa hapo.

Swali la tisa lisiulizwe kwenye benchi la korido, wala kupitia kwa mtoto au mke anayemtafsiria mzee kwa Kisukuma. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo hata wasipojua namba ya kifungu. Mtu akiogopa, atajibu sifuri. Mwambie kabla hujauliza kwamba unawauliza wagonjwa wote, na kwamba kuwaza si kosa. Kama mnahudumia wengi wasiokijua Kiswahili vizuri, kaeni wenyewe mkubaliane namna moja ya kuuliza kila swali kwa Kisukuma au Kikerewe, muiandike, na wote muitumie hiyohiyo.

Chagueni pia wakati. Mwenye selimundu asipimwe akiwa kwenye maumivu makali, ngoja yapite. Anayesafishwa damu asiulizwe akiwa ndiyo kwanza anashuka kitandani. Mwenye kifua kikuu aliyeanza dawa wiki hii anakonda na kutokwa jasho usiku kwa sababu inayojulikana. Mpime sasa kama swali la tisa linakutia wasiwasi, la sivyo rudia dawa zikishashika.

Na rudieni kumpima. Mgonjwa wa muda mrefu anarudi kliniki miaka na miaka, kwa hiyo anaweza kulinganishwa na yeye mwenyewe badala ya kulinganishwa na watu wazima wa afya wa nchi nyingine. Andika alama zake za kila swali siku ambayo hali yake imetulia. Mama wa Mwaloni akija mwezi wa sita na 11 zilezile za usingizi na uchovu, unajua pa kuanzia. Akija na 16, tano zaidi, hayo ni mabadiliko ambayo kwa PHQ-9 yanahesabiwa kuwa makubwa; na kama tano hizo zimetoka kwenye swali la kwanza, la pili na la sita, weka glukometa, kile kipimo cha sukari, pembeni kwanza, vuta kiti, umuulize nyumbani kuna nini.